Sura ya 4: Kila Kilo Ina Bega Lake

Pale Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, usitegemee kupanda boti kwa ngazi. Unavua viatu, unakunja suruali, unaingia ziwani hadi magotini, na begi lako linatangulia juu ya kichwa cha kijana ambaye hata jina humjui. Mara ya kwanza nilipokwenda Gombe, kijana huyo aliliinua begi langu, akaguna, akalirudisha mchangani.

"Kaka, humu umetia mawe?"

"Kamera."

"Kamera ngapi?"

Zilikuwa mbili. Pamoja nazo kulikuwa na lenzi tano, stendi ya miguu mitatu, droni ndani ya kasha lake gumu, flashi mbili, kompyuta mpakato na fundo la nyaya ambazo mpaka leo sijui nyingine zilikuwa za nini. Jumla kilo 17. Abiria wenzangu walikuwa na madumu matupu ya mawese, unga, godoro la futi tatu na kuku wawili waliofungwa miguu. Kila mzigo ulikuwa na kazi yake inayojulikana. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimebeba vitu vya "endapo": endapo nitamwona ndege mbali, endapo kutakuwa na giza, endapo kamera moja itakufa, endapo nitataka kuliona ziwa kutoka juu.

Kijana alilipandisha tena begi kichwani, akanitajia bei mpya. Nikalipa. Alikuwa na haki.

Gombe si mbali, kilomita 16 hivi kutoka Kigoma, lakini ni nchi ya kupanda. Mabonde membamba yanateremka kutoka kwenye mgongo wa milima hadi kwenye mchanga wa ziwa, na ndani ya hifadhi hakuna barabara ya gari. Sokwe mtu unawafuata kwa miguu, na zipo sehemu ambazo bila kushika mizizi huendi. Kwenye bonde la Kakombe sikumaliza nusu saa; mwongozaji alinitazama jasho, akanyoosha mkono, akaichukua stendi bila kusema neno. Stendi ile ilipanda mlima na kushuka mlima, na haikufunguliwa hata mara moja. Sokwe hakai kukungojea ufungue miguu mitatu.

Droni nayo ililala siku nne kabatini kwenye nyumba ya wageni. Kurusha droni Tanzania kunataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi ya taifa kunataka ruhusa ya wenye hifadhi. Mimi sikuwa na hiki wala kile. Nilikuwa na droni tu.

Lakini aibu kubwa ilinipata kwa lenzi. Nilikuwa nimeweka ile ndefu, ya milimita 150 hadi 600, maana ndivyo tulivyozoea kufikiri: mnyama wa porini, lenzi ya kuvuta. Masharti ya Gombe ni kukaa angalau mita 10 kutoka kwa sokwe, kuvaa barakoa ili usiwaambukize mafua yako, kutowasha flashi, na kutozidisha saa moja nao. Wageni mnayafuata, sokwe hajayasoma. Jike mmoja mwenye mtoto mgongoni aliteremka na njia ileile tuliyokuwa tumesimama. Mwongozaji alinong'ona, "Rudini nyuma, mpisheni." Tukajibana kichakani, naye akapita kwa hatua nne au tano kutoka magotini kwetu, hana habari na sisi. Nikabonyeza na kubonyeza. Nilichopata ni sikio, nusu ya nyusi, na ukungu wa rangi ya kahawia.

Mgeni mwingine kwenye kundi letu, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa likizo, alitoa simu. Yeye alipata mama, mtoto, njia, majani, na mshale wa jua ukiwapiga kwa nyuma.

Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu jambo hili watu hulichukulia kama bahati. Chini ya miti ya Kakombe, hata jua likiwa la saa sita, mwanga ni haba. Lenzi ndefu za bei ya kawaida, ukizivuta mpaka mwisho, hufunguka f/6.3 tu. Lenzi fupi ya f/1.8, ambayo ni nyepesi na kwa kawaida ni rahisi kuliko hiyo, inapitisha mwanga mara 12 zaidi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya picha iliyotulia na ukungu wa kahawia. Kuhusu umbali, kamera yenye sensa kubwa ikiwa na lenzi ya milimita 85 inakusanya upana wa mita 4 na kidogo kwa mnyama aliye mita 10. Sokwe mama, mtoto wake na tawi walilokalia wanaenea, na nafasi inabaki. Hiyo milimita 600 ni ya nini?

Najua jibu, kwa sababu nami nililijibu hivyohivyo: tumeziona picha za Hugo van Lawick. Mtafiti wa sokwe, Jane Goodall, alishuka Gombe tarehe 14 Julai 1960, na kwa miezi mingi sokwe walimkimbia. Mwaka 1961 mdogo wake, Judy, alikuja kujaribu kuwapiga picha, na mvua ikawa kikwazo kikubwa. Van Lawick alifika 1962, akitumwa na jarida la National Geographic, akapiga picha na filamu za milimita 16 zilizoufanya ulimwengu uwajue sokwe wa Gombe kwa majina. Filamu alizopiga zilikuwa nyingi kiasi kwamba saa zaidi ya 100 za kazi yake zilitumika kutengenezea filamu ya *Jane* iliyotoka 2017, miaka 15 baada ya yeye kufariki. Vyombo vyake vilikuwa vizito, naam, lakini yeye alikaa. Alikuwa na kambi, na asubuhi ikimharibikia alikuwa na asubuhi nyingine, na nyingine. Sisi tunamwiga Hugo mizigo, hatumwigi muda.

Kama una saa moja, beba cha saa moja.

Somo hili kwa nchi yetu ni la zamani kuliko Goodall. Mwaka 1860, mpelelezi Mwingereza Speke na mwenzake James Grant walipotoka pwani kwenda bara, walibeba kamera. Grant alikuwa ameshapiga picha Unguja. Upigaji wa siku hizo ulikuwa kazi ya mpishi na mkemia kwa pamoja: unakipaka kioo dawa gizani, unakitia kwenye kamera kikiwa bado kibichi, unapiga, unakimbilia hemani kukisafisha kabla hakijakauka. Hema lenyewe halipitishi mwanga, wala hewa. Hawajafika hata Tabora, Speke aliirudisha kamera pwani, kwa hofu kwamba joto la kile kihema lingemuua mwenzake. Grant akashika penseli na rangi za maji. Michoro yake ndiyo iliyobaki, na kwa maoni yangu safari ile haikupungukiwa kitu.

Ikumbukwe pia kwamba kamera ile, vioo vyake na chupa zake za dawa vilikuwa juu ya mabega ya watu. Mzigo wa mpagazi kwenye njia ile ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na chungu chake, mkeka wake na posho yake. Njia kuu ya misafara ilipita Tabora ikaishia Ujiji. Kila ninapopanga begi huwa najiuliza: hiki kingekuwa juu ya bega la mtu kutoka Bagamoyo, ningethubutu kumwambia akibebe? Vitu vingi hurudi kabatini papo hapo. Na si mfano wa zamani tu. Kibirizi bega bado lipo; lina jina, nami sikuwa nimeliuliza.

Ujiji yenyewe ina kichekesho chake kwa mpiga picha. Mkutano unaojulikana kuliko yote katika historia ya ziwa hili, wa Stanley na Livingstone mwaka 1871, hauna picha. Ile tunayoiona vitabuni, kofia zimevuliwa na watu wamejipanga pembeni, ni mchoro. Stanley alikuja kupigwa picha baadaye, studio ya London, mwaka 1872, amevaa mavazi yake ya safari, pembeni yake kijana Kalulu aliyekuwa ametoka naye huku. Kwa hiyo usihangaike. Pale penye mnara, miembe na sanamu za wale mabwana wawili, simu inatosha. Piga, lipa kiingilio, msikilize mzee anayeeleza, kisha ushuke ufukweni.

Ufukweni ndiko kwenye kazi. Mafundi wanaunda boti za mbao, wanatia kalafati, watoto wanaogelea, wanawake wanaanika dagaa. Hapo nilijifunza kwamba kamera kubwa ina lugha yake, na mara nyingi inasema kabla yako. Nilikuwa nimening'iniza ile ndefu shingoni. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa kwenye kichanja aliniona kutoka mbali, akajifunika uso kwa ncha ya kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyie ni wa halmashauri?"

"Hapana, mama. Napiga picha tu."

"Za kupeleka wapi?"

Sikuwa na jibu zuri. Alinikubalia, lakini picha nilizopata ni za mtu anayesubiri nimalize. Kesho yake nilirudi na kamera ndogo yenye lenzi ya milimita 35, nikakaa kwenye gogo, nikanunua dagaa wa elfu mbili, tukazungumza bei na mvua. Kwa lenzi ya milimita 35 huwezi kuiba picha ya mtu; lazima umsogelee mpaka usikie anachosema. Alipoendelea na kazi yake, mkono ukizungusha dagaa na jicho moja likiwinda kunguru, nilipiga mbili. Hizo ndizo ninazo mpaka leo.

Mwanga wa Kigoma nao una tabia ambayo ni vizuri uijue kabla ya kufunga begi. Pwani hii inaangalia magharibi. Asubuhi jua linatokea nyuma ya vilima, kwa hiyo ufuko unakaa kivulini muda mrefu wakati maji ya mbali yameshawaka. Jioni ndiyo zamu yake: jua linashuka upande wa Kongo na kumulika kila uso unaoliangalia ziwa. Mwezi wa nane na wa tisa, nyasi zikichomwa na vumbi likijaa, milima ya Kongo hupotea kabisa, na lenzi yoyote uliyoibeba kwa ajili ya mandhari itakuonyesha ukuta wa kijivu. Mvua zikianza kuosha anga, milima hurudi kana kwamba mtu ameisogeza usiku. Kwa hiyo kabla hujauliza lenzi gani, uliza mwezi gani.

Na uulize mwezi wa mbinguni vilevile. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Dagaa hufuata mwanga hadi kwenye wavu. Mbalamwezi ikitanda, taa hazina nguvu, na wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Nimewahi kukutana na mpiga picha aliyesafiri kutoka mbali kuja kupiga ule msururu wa taa juu ya maji, unaoonekana kama mji mwingine uliojengwa ziwani. Alifika mwezi ukiwa mpevu. Alikuwa na lenzi safi kuliko zote nilizowahi kushika, na ziwa lilikuwa tupu. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kabisa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Kalenda haina uzito wowote, na ndiyo kifaa watu wanachosahau zaidi.

Ukibahatika kutoka na wavuvi usiku, utatamani stendi. Usiibebe. Mtumbwi unayumba, na stendi inayumba nao. Dawa yake ni hii: beba mfuko mtupu wa kitambaa kigumu wenye zipu, uzito wa soksi. Ukifika, nunua maharage kilo mbili sokoni. Jaza, funga, uweke kwenye ukingo wa mtumbwi, ukandamizie kamera juu yake. Maharage yanajipanga kufuata umbo la kamera na yanameza mtetemo wa injini kuliko chuma chochote. Safari ikiisha, maharage yanapikwa. Hakuna stendi duniani inayoliwa na ugali.

Mambo ya maji nitayapita haraka. Tanganyika si bahari, haina ile chumvi ya Unguja inayotafuna skrubu, lakini upepo ukiamka mchana boti inalowa hadi katikati. Mfuko wa mpira wa kukunja mdomo, wanaoutumia watu wa majini, ni lazima. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usije na furushi la mifuko ya dukani. Ndani ya begi, funga kamera kwa kanga. Inakinga vumbi, inafuta lenzi, inafunika kichwa kwenye jua la boti, na begi linaonekana la nguo. Gombe usiache begi wazi ufukweni hata dakika moja: nyani wa pale ni wezi waliokubuhu, nao hawachagui kati ya ndizi na lenzi mpaka wameshaonja. Kama unakuja kwa treni, usibadilishe lenzi dirishani, vumbi litaingia kwenye sensa na utalibeba mpaka nyumbani. Na stesheni ya Kigoma ni nzuri, jengo la Wajerumani, lakini omba ruhusa kwanza. Bandarini vivyo hivyo.

Kuhusu vitu vidogo, hapo nageuka na kuwa mkali upande wa pili. Betri beba nne, maana vijiji vya ufukweni vingi vinategemea sola, na ukikuta kibanda cha kuchaji, simu za watu zimekutangulia foleni. Kama unaruka, betri za akiba zikae kwenye begi la mkononi, siyo lile linaloingia chini ya ndege. Kadi za kumbukumbu beba mbili au tatu za kiasi kuliko moja kubwa. Chaja beba mbili. Kigoma ni mwisho wa reli, na lenzi nzito unaweza kuishi bila hiyo, lakini chaja ya kamera yako ukiipoteza, huenda ukaitafuta mpaka Dar es Salaam.

Wajerumani walilielewa hili vizuri. Meli ya Graf Goetzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa reli mpya iliyokuwa ikielekea Kigoma. Ikaunganishwa hapa, ikashushwa majini 1915, ikazamishwa na wenyewe 1916, Waingereza wakaifufua, na tangu 1927 tunaiita Liemba. Huwa namfikiria yule karani wa Papenburg mwenye orodha. Bamba kubwa la chuma halisahauliki. Cha kusahaulika ni ribiti.

Sitaki msomaji aondoke akidhani nina ugomvi na lenzi ndefu. Ukienda kwenye ardhi oevu ya Malagarasi kumtafuta korongo nyangumi, beba milimita 600 na usiombe radhi kwa yeyote. Yule ndege anasimama mbali, kweupe, na anaweza kutulia kama gogo. Huko lenzi ndefu haiitwi endapo. Inaitwa jembe.

Safari yangu ya mwisho Kigoma begi lilikuwa na kamera moja, lenzi ya 35 na ya 85, betri nne, kadi tatu, chaja mbili, mfuko mtupu wa maharage, kanga na mfuko wa mpira. Kilo 3 na nusu. Palibaki nafasi, nikaitia bahasha ya picha 12 nilizosafisha Kariakoo, za watu niliowapiga safari zilizotangulia.

Yule mama wa dagaa nilimkuta palepale Ujiji. Aliitazama picha yake kwa muda, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi, akaigeuza tena.

"Kumbe ulikuwa unarudi," akasema. Akaiweka kwenye pochi chini ya kanga, akaniuliza mbona safari hii nimekuja mikono mitupu, kamera yangu iko wapi.

Ilikuwa shingoni. Hakuiona.

Boti za kwenda Gombe huondoka Kibirizi mchana, kwa kawaida siku zote isipokuwa Jumapili. Fika mapema, muulize kijana jina lake, na begi lipakate mwenyewe.